Ndiyo, Hapana na Upatanisho wa Ngeli: Ufafanuzi wa Mchezo wa Maswali Ishirini katika Makundi Sogozi ya Wazungumzaji wa Kiswahili

Ikisiri

Mchezo wa kubaini kitu kilichofichwa kwa kuuliza maswali yanayojibiwa kwa ndiyo au hapana umehamia katika makundi sogozi ya simu janja, ambako marafiki walio katika nchi tofauti huweza kuucheza kwa Kiswahili bila kukutana ana kwa ana. Makala haya yanafafanua jinsi sarufi ya Kiswahili inavyouathiri mchezo huo. Hoja kuu ni kwamba mtu aliyeficha kitu husimama kati ya hatari mbili. Akijibu kwa neno moja, jibu lake huweza kubeba maana mbili, hasa swali linapokuwa kanushi. Akijibu kwa sentensi kamili ili aondoe utata huo, upatanisho wa ngeli huifichua nomino aliyokusudia kuificha. Makala yanaonesha kwamba hatari hizo huongezeka pale ambapo wachezaji wanatoka katika maeneo yenye mazoea tofauti ya upatanisho na ya kujibu maswali kanushi. Mwisho, yanapendekeza kanuni chache za kuuendesha mchezo na namna ya kuutumia katika ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni wa lugha katika nchi jirani.

Istilahi za msingi: swali funge, upatanisho wa ngeli, ukanushi, kundi sogozi, mchezo wa maswali ishirini

1.0 Utangulizi

Mchezo unaojadiliwa katika makala haya ni mwepesi kueleza. Mshiriki mmoja, ambaye hapa ataitwa mfichaji, hufikiria kitu, mnyama au mtu fulani na kukaa kimya. Wenzake, ambao wataitwa waulizaji, humwuliza maswali funge, yaani maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana tu. Wakikibaini kitu hicho kabla ya kumaliza maswali waliyopangiwa, ambayo kwa kawaida ni 20, wameshinda. Wakishindwa, ushindi ni wa mfichaji.

Mchezo huu ulipata umaarufu mkubwa kupitia redio. Nchini Marekani ulianza kurushwa kama kipindi mwaka 1946, na nchini Uingereza BBC ilianza kuurusha mwaka 1947. Katika karne hii umeingizwa pia katika programu za kompyuta. Mojawapo ni Akinator, programu iliyobuniwa Ufaransa na kuanza kutumika mwaka 2007, ambayo humwuliza mchezaji maswali hadi ikamtaja mtu au mhusika anayemfikiria. Hata hivyo, kinachochunguzwa hapa si mchezo kati ya mtu na mashine. Ni mchezo kati ya marafiki wanaoandikiana katika kundi sogozi, mmoja akiwa Kampala, mwingine Bujumbura, mwingine Goma na mwingine Tanga, wote wakitumia Kiswahili.

Kwa jamii za Waswahili, burudani ya kubaini kilichofichwa si ngeni. Vitendawili vimefanya kazi hiyo tangu kale, na utaratibu wake unajulikana: mmoja husema "Kitendawili!", wenzake huitikia "Tega!", na wakishindwa huombwa mji. Lakini kuna tofauti ya msingi kati ya tanzu hizi mbili. Katika kitendawili, mtegaji ndiye anayetoa maelezo yote kwa sitiari, na mteguaji huruka kutoka kwenye sitiari hadi kwenye jibu. Yai, kwa mfano, hutegwa kama nyumba isiyo na mlango. Katika mchezo wa maswali, mfichaji hatoi maelezo yoyote. Ni waulizaji wanaoyajenga, swali baada ya swali, naye huyathibitisha au kuyakataa. Kwa hiyo kitendawili hupima uwezo wa kuona mfanano, ilhali mchezo wa maswali hupima uwezo wa kugawa na kupanga. Kwa kuwa kugawa huko hufanywa kwa lugha, mgawo wa nomino uliomo katika lugha yenyewe, yaani ngeli, hauwezi kukaa pembeni.

Mifano ya mazungumzo iliyomo katika makala haya imeundwa kwa ajili ya ufafanuzi.

2.0 Thamani ya Jibu Moja

Ili kuona athari ya ngeli, ni lazima kwanza kueleza thamani ya jibu la ndiyo au hapana. Claude Shannon, katika kazi yake ya mwaka 1948 kuhusu nadharia ya mawasiliano, alipima taarifa kwa kipimo kiitwacho biti. Biti moja ni kiasi cha taarifa kinachopatikana pale ambapo moja kati ya hali mbili zenye uwezekano sawa inapothibitishwa. Jibu la swali funge, basi, haliwezi kwa wastani kumpa mwulizaji zaidi ya biti moja.

Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini hukua upesi. Swali moja zuri hugawa vitu vyote vinavyowezekana katika mafungu mawili yanayolingana na kuondoa fungu moja. Maswali 10 ya namna hiyo huweza kutenganisha vitu 1,024, na maswali 20 huweza kutenganisha vitu 1,048,576. Idadi hiyo inazidi kwa mbali nomino ambazo mzungumzaji wa kawaida huzikumbuka. Ndiyo sababu wachezaji stadi hushinda mara nyingi.

Siri ya ushindi ni kuuliza swali linalokata katikati. Tuseme vimebaki vitu 1,024. Swali "Je, hutengenezwa na binadamu?" huweza kuondoa karibu nusu ya vitu hivyo, jibu liwe ndiyo au hapana. Swali "Je, ni kijiko?" huondoa kimoja tu endapo jibu ni hapana. Mchezaji asiye na uzoefu hukimbilia kutaja vitu, na maswali yake huisha angali mbali na jibu.

Mfano wa mchezo uliokwenda vizuri ni huu ufuatao, ambapo kitu kilichofichwa ni yai:

(1) Je, kitu hicho hutokana na kiumbe mwenye uhai? – Ndiyo.
(2) Je, hutokana na mmea? – Hapana.
(3) Je, huliwa na binadamu? – Ndiyo.
(4) Je, ni sehemu ya mwili? – Hapana.
(5) Je, hunywewa? – Hapana.
(6) Je, huvunjika kikianguka? – Ndiyo.
(7) Je, ni yai? – Ndilo!

Maswali saba yametosha. Swali la nne liliondoa nyama na maini, la tano likaondoa maziwa, na la sita likaondoa asali. Msomaji atazingatia kwamba mfichaji hakuongeza neno hadi mwisho. Sehemu inayofuata inaonesha ambacho kingetokea kama angeongeza.

3.0 Ngeli Zinazosema Bila Kuulizwa

3.1 Kiambishi kama jibu la ziada

Katika Kiswahili, kitenzi hubeba kiambishi kinachopatana na ngeli ya kiima. Mzungumzaji hana hiari katika jambo hilo. Tuseme mfichaji wa yai angelijibu swali la tatu hivi: "Ndiyo, linaliwa." Kiambishi li- kingewatangazia waulizaji kwamba nomino iliyofichwa ni ya ngeli ya LI-YA, umoja. Kwa kuwa walikwisha kujua kwamba kitu hicho hakitokani na mmea na kwamba huliwa, nyama, asali, maziwa na samaki vingeanguka kwa pamoja, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachopatana na li-. Vingebaki vichache sana: yai, ini, paja na vingine vya jamii hiyo. Swali moja lingekuwa limefanya kazi ya maswali matatu.

Hesabu yake ni rahisi. Kama vitu vilivyobaki vingegawanyika kwa usawa katika ngeli nne, kiambishi kimoja kingekuwa na thamani ya biti mbili, sawa na maswali mawili mazuri. Kama vingegawanyika kwa usawa katika ngeli nane, thamani yake ingekuwa maswali matatu. Nomino hazigawanyiki kwa usawa kiasi hicho, lakini kanuni haibadiliki: kiambishi cha ngeli ni jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Grice (1975) alieleza kwamba wazungumzaji huongozwa na Kanuni ya Ushirikiano, na kwamba mojawapo ya kaida zake ni ya wingi: taarifa zisipungue wala zisizidi mahitaji ya mazungumzo. Katika mchezo huu, mahitaji yamewekwa kuwa biti moja kwa kila jibu. Mfichaji anayejibu kwa sentensi kamili anataka kuwa mwungwana na mshiriki mwema, lakini sarufi humlazimisha kuvuka kiasi kilichokubaliwa.

3.2 Kinachofichuliwa na kinachofichwa

Haifai kudhani kwamba Kiswahili hufichua zaidi ya lugha nyingine kwa kila hali. Kila lugha hufichua mambo yake. Katika Kiingereza, kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja hubainisha jinsia, hivyo mfichaji anayejisahau huwapa waulizaji jibu la kama mhusika ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakina upambanuzi huo. Tuseme aliyefichwa ni Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Jibu "Ndiyo, alipata Tuzo ya Nobel" halisemi lolote kuhusu jinsia yake, na waulizaji wanaotaka kumtenganisha na Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, bado watahitaji kutumia swali zima kwa ajili hiyo.

Hata hivyo, jibu hilo hilo linafichua mengine. Kiambishi a- kinaonesha kwamba anayezungumziwa ni mmoja na kwamba yuko katika ngeli ya A-WA. Njeo nayo husema: "aliishi" humwelekeza mwulizaji kwa watu waliokwisha kufariki au waliohama, ilhali "anaishi" huwaondoa hao wote. Kwa upande mwingine, a- haitenganishi binadamu na mnyama, wala haitegemei umbo la nomino. Kiboko na kipepeo huanza na ki- lakini hupatana na a-. Mwulizaji anayeona a- na kufikiria watu peke yao amejifungia mlango mwenyewe.

3.3 Maumbo yasiyofichua

Lugha iliyoweka mtego huo imeweka pia njia za kuuepuka. Ya kwanza ni kitenzi kishirikishi "ni" na ukanushi wake "si", ambavyo havibadiliki kwa ngeli. Ya pili ni kiambishi cha mazoea hu-, ambacho hakipokei kiambishi cha ngeli mbele yake. "Huliwa", "hupikwa" na "huuzwa sokoni" huweza kusemwa juu ya ugali, yai, ndizi, kuku au wali bila kuonesha tofauti yoyote. Ndiyo maana maswali ya mfano wa yai yametumia hu- kwa wingi.

Lakini kinga hiyo ni ya upande mmoja. Umbo la hu- halina ukanushi wake. Anayetaka kukanusha "huliwa" hana budi kusema "hailiwi", "hakiliwi", "haliliwi" au "hauliwi", na papo hapo ngeli hujitokeza. Matokeo yake ni kwamba mfichaji huweza kurefusha jibu la ndiyo kwa usalama, bali hawezi kurefusha jibu la hapana bila kujifichua. Waulizaji makini huweza kulitumia jambo hilo kwa kuuliza maswali wanayotarajia yakataliwe, wakisubiri mfichaji ajieleze.

Njia ya tatu ndiyo inayofaa zaidi, nayo ni kutumia nomino "kitu" kama kiima cha kila swali na kila jibu. Upatanisho hapo huwa wa ki- siku zote, kwa sababu unapatana na neno "kitu" na si na nomino iliyofichwa: "kitu hicho kinaliwa", "kitu hicho hakiliwi", "kitu hicho ni cha chuma". Hata kiumbe chenye uhai hujificha nyuma ya neno hilo. Hata hivyo, kinga hii hufanya kazi tu pale ambapo wachezaji wote wamekubaliana kuitumia tangu mwanzo. Ikitumiwa na mmoja na kuachwa na mwingine, ki- itasomwa kama dalili ya ngeli ya KI-VI.

4.0 Utata wa Ndiyo na Hapana

4.1 Swali kanushi

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, mtu anaweza kuhitimisha kwamba dawa ni mfichaji kujibu kwa neno moja tu. Dawa hiyo ina maradhi yake. Fikiria swali lifuatalo na majibu yake mawili:

(8) Je, kitu hicho hakiliwi?
 (a) Ndiyo.
 (b) Hapana.

Kwa mazoea ya Kiswahili, "ndiyo" hukubaliana na kauli iliyomo katika swali. Jibu (a), basi, lina maana ya "ni kweli, hakiliwi", na jibu (b) lina maana ya "si kweli, kinaliwa". Kiingereza kina mazoea mengine: neno la kukataa huendana na ukanushi wa jibu lenyewe, si na ukweli wa kauli ya mwulizaji. Anayefikiri hivyo atajibu "hapana" akimaanisha kwamba hakiliwi. Kifaransa kina njia ya tatu, kwa kuwa kina neno maalumu la kupinga swali kanushi, tofauti na neno la kawaida la kukubali.

Katika kundi sogozi la marafiki wa nchi jirani, mazoea hayo matatu huweza kukutana. Kiingereza ni lugha ya shule na ofisi kwa wengi nchini Uganda, Kenya na Rwanda, na Kifaransa kina nafasi ya namna hiyo nchini Kongo na Burundi. Mchezaji huandika Kiswahili, lakini huweza kulipima swali kanushi kwa mizani ya lugha aliyosomea. Wote hutumia maneno yale yale mawili, na kila mmoja huamini kwamba ameeleweka.

Gharama yake katika mchezo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jibu likieleweka kinyume, nusu ya vitu vinavyowezekana huondolewa, na kilichofichwa kimo katika nusu hiyo. Majibu yote yanayofuata huweza kuwa ya kweli na maswali yote yakawa ya busara, lakini waulizaji wanatafuta mahali ambapo kitu hicho hakipo. Hakuna aliyedanganya, na hakuna njia ya kugundua kosa hadi mwisho.

4.2 Maneno mengine ya kukubali na kukataa

Utata hauishii kwenye ukanushi. "Ndiyo" na "hapana" yenyewe ni maneno yaliyobeba upatanisho ulioganda. "Ndiyo" imeundwa kwa ndi- na -yo ya urejeshi, na jamaa zake hai ni ndicho, ndilo, ndiye na ndio. "Hapana" ina pa- ya mahali, na jamaa zake ni hakuna na hamna. Kwa kuwa jamaa hizo bado zinatumika, mipaka yake huingiliana. Katika mazungumzo ya kawaida nchini Tanzania, "hamna" hutumika sana kwa maana ya hapana. Mfichaji akiulizwa "Je, hupatikana ndani ya nyumba?" akajibu "hamna", mmoja atasoma "la" na mwingine atasoma "humo ndani hakimo". Kwa swali hili maana hizo hukaribiana. Kwa swali "Je, kina kitu ndani yake?" zinaanza kuachana.

"Naam" nayo hukubali jambo na pia huitikia wito. Katika maandishi, mfichaji akiandika "naam" baada ya kutajwa jina, si rahisi kujua kama amejibu au ameitika. Alama ya kidole gumba huleta shida ya namna hiyo: huweza kumaanisha ndiyo, au kwamba ujumbe umeonekana.

Mwishoni mwa mchezo, hata hivyo, upatanisho ulioepukwa muda wote hupewa ruhusa ya kurudi. Mwulizaji akisema "Je, ni yai?" na mfichaji akajibu "Ndilo!", umbo hilo hutangaza ushindi kwa namna ambayo "ndiyo" peke yake isingeweza. Kwa nomino za I-ZI kama taa, "ndiyo" ya kukubali na "ndiyo" ya utambulisho huwa umbo moja.

5.0 Mazingira ya Mtandaoni

Kuhamia mtandaoni kumebadilisha mambo matatu yanayohusiana na lugha.

La kwanza ni kiimbo. Katika mazungumzo ya ana kwa ana, "Kinaliwa" ya taarifa na "Kinaliwa?" ya swali hutofautishwa kwa sauti. Katika ujumbe wa maandishi kiimbo hakipo, na alama ya kuuliza mara nyingi huachwa. Mwulizaji akiandika "kinaliwa" akiwa anawazia tu, mfichaji huweza kulihesabu kuwa swali. Neno "je" mwanzoni mwa sentensi, ambalo wengine hulichukulia kama pambo la vitabuni, hapa lina kazi halisi ya kutenga swali na mjadala wa waulizaji wenyewe. Litofautishwe na -je ya mwishoni mwa kitenzi: "kinaliwaje" ni swali la namna, na halijibiki kwa ndiyo wala hapana.

La pili ni mpangilio. Ujumbe hupishana. Mmoja huuliza "Je, ni kikubwa kuliko nyumba?", na kabla ya jibu mwingine huuliza "Je, kina magurudumu?" Kisha linakuja "Ndiyo" moja. Dawa yake ni kuyapa maswali namba na mfichaji kujibu kwa kunukuu ujumbe anaoujibu.

La tatu ni uaminifu. Mfichaji aliye mbali huweza kubadilisha kitu katikati ya mchezo, na wenzake wasijue. Njia rahisi ya kulizuia hilo ni mfichaji kumtumia rafiki mmoja asiyeuliza jina la kitu hicho kabla ya swali la kwanza.

6.0 Upatanisho Usio Mmoja

Jambo linalostahili uangalifu wa pekee katika nchi jirani ni kwamba upatanisho wenyewe haufanani kwa wazungumzaji wote. Katika mazungumzo mengi ya mijini nchini Kenya, na katika Kiswahili cha baadhi ya maeneo ya Kongo, vitu visivyo na uhai huweza kupatanishwa kwa i- bila kujali ngeli ambayo sarufi sanifu imevipangia. Mzungumzaji husema "hiyo kitu" na "kiti iko", na wenzake humwelewa vyema. Huo ni utaratibu wenye kanuni zake, tofauti na ule wa Kiswahili Sanifu.

Tuseme mfichaji mwenye mazoea hayo ameficha kiti, na amejibu: "Ndiyo, inakaliwa." Mwulizaji aliyezoea Kiswahili Sanifu huiona i- na kuhitimisha kwamba nomino ni ya I-ZI, au ni wingi wa U-I kama mikeka. Kiti, ambacho ni cha KI-VI, hukiondoa mara moja katika fikra zake. Hapa kiambishi hakikufichua, kimepotosha. Mwulizaji amepata biti mbili za uongo kutoka kwa mtu aliyesema kweli tupu.

Hali kama hiyo huzuka katika maana za msamiati pia. Kwa matumizi ya kila siku, "mnyama" hajumuishi ndege, samaki wala wadudu. Kwa matumizi ya kisayansi, wote hao ni wanyama. Swali la kwanza linalopendwa na wachezaji wengi, la kama kitu ni mnyama, mmea au madini, linafuata mgawo wa falme tatu uliotumiwa na Linnaeus katika kazi yake ya mwaka 1735. Likitafsiriwa kwa Kiswahili bila maelezo, mfichaji wa samaki hatajua ajibu nini. Afadhali kuuliza "Je, kitu hicho kina uhai?" na kushuka hatua kwa hatua.

7.0 Kanuni Zinazopendekezwa na Matumizi Darasani

Kutokana na ufafanuzi huu, kanuni nne zinatosha kuuendesha mchezo kwa haki. Kwanza, maswali yote yawe yakinishi na yaanze na "je". Pili, kila swali na kila jibu lichukue "kitu hicho" kama kiima, hata pale ambapo kiima hakitajwi waziwazi. Tatu, jibu la kawaida liwe "ndiyo" au "hapana" tu, na pale shaka inapotokea mfichaji arudie kauli nzima kwa upatanisho wa ki-: "kitu hicho hakiliwi". Nne, swali lisilojibika kwa haki lirudishwe kwa mwulizaji bila kuhesabiwa. Kanuni ya kwanza huondoa utata wa ukanushi, ya pili huziba mwanya wa ngeli, na ya tatu huruhusu ufafanuzi bila kufichua. Ndipo hatari mbili zilizotajwa mwanzoni zinapokoma kupingana.

Kwa walimu wa Kiswahili, mwanya huo wa ngeli ni hazina. Mchezo huweza kuendeshwa kwa duru mbili. Katika duru ya wazi, mfichaji hulazimika kujibu kwa sentensi kamili yenye upatanisho wa nomino halisi, na waulizaji hupewa alama kwa kuitambua ngeli kabla ya kukitambua kitu. Katika duru ya siri, "kitu" hutumika, na anayeteleza kwa kutumia upatanisho halisi hupoteza zamu. Mwanafunzi wa Kiganda, Kinyarwanda au Kirundi ana ngeli katika lugha yake, na atajifunza mahali ambapo za Kiswahili zinaachana nazo. Mwanafunzi wa Kiacholi, lugha ya Kiniloti isiyo na ngeli za namna hiyo, atapata sababu ya kuzijali: kiambishi kimoja kinaweza kumshindia au kumpotezea mchezo.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba mchezo wa ndiyo na hapana, unapochezwa kwa Kiswahili, huweka bayana mambo mawili ambayo wazungumzaji huyapita bila kuyaona: kiambishi cha ngeli hubeba taarifa nyingi kuliko inavyohitajika, na neno "ndiyo" hubeba taarifa chache kuliko inavyodhaniwa. Katika burudani, kosa hugharimu maswali 20 na kicheko. Nje ya burudani, gharama ni nyingine. Mhudumu wa afya anayemwuliza mzazi "Mtoto hajapata chanjo?" na kupewa jibu "Ndiyo", au mkalimani wa mahakamani anayetafsiri jibu la "Hukuwapo nyumbani usiku huo?", anakabiliwa na utata ule ule, na hana swali la 21 la kurekebisha. Kwa hiyo inashauriwa kwamba hojaji, fomu na mahojiano yanayoandaliwa kwa Kiswahili kwa watumiaji wa nchi zaidi ya moja yaepuke maswali kanushi, na kwamba mhojiwa aombwe kurudia kauli kamili pale jambo linapokuwa zito.